Jina Lililotajwa Jumatano

Mtu akikuambia kwamba Wakalenjin kazi yao ni kukimbia tu, mwambie kuna mmoja kule Carrollton, Texas, aliyekuwa akiteleza. Anaitwa Kigen. Katika msimu ulioanza 2018 na kwisha 2019 alikuwa na miaka kumi na saba, beki wa timu ya vijana ya hoki ya barafuni, na Mwafrika pekee katika kikosi kizima. Mama yake, Truphosa, hakuwahi kumsamehe yule mzazi aliyemfanyia mtoto wake, mwanafunzi mwenzake Kigen, sherehe ya kuzaliwa kwenye kiwanja cha barafu ndani ya jumba la maduka, maana hapo ndipo Kigen, akiwa darasa la pili, alipovalishwa viatu vyenye makali ya chuma kwa mara ya kwanza. Alipeleka mtoto wa soka, akarudishiwa mtoto wa barafu.

Truphosa aliuogopa mchezo huo, na hofu yake ilikuwa na sababu. Alikuwa nesi katika wodi ya watu wanaojifunza maisha upya: walioumia vichwa kwenye ajali, waliovunjika shingo, watu wazima wenye ndevu wanaofundishwa kushika kijiko. Msimu ule alikuwa na mgonjwa mmoja, kijana aliyeanguka na pikipiki. Kila alipomlisha, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, uso wa yule kijana uligeuka ukawa uso wa Kigen. Ilikuwa kufumba na kufumbua, halafu inapita. Lakini kijiko kilikosa mdomo, na uji ukamwagikia kifua cha mtu asiye na kosa.

Mumewe, Absalom, ndiye aliyekuwa shabiki. Alikuwa dereva wa trela, wiki nzima yuko barabarani, na mtu aliye mbali na mchezo huwa na ujasiri mwingi. Alikuwa akipiga simu kutoka Nebraska, anauliza matokeo, anacheka, anasema mtoto wa kiume sharti aguswe kidogo. Truphosa alimwambia aje siku moja aketi kwenye lile benchi la baridi asikie mwenyewe. Kwa maana yeye hakuogopa kuona. Macho unaweza kuyafumba. Alichoogopa ni ile sauti ya mwili wa mtu unapogonga ukuta mweupe unaozunguka barafu. Alikuwa akiisikia hata nyumbani, mlango wa friji ukifungwa kwa nguvu.

Mwezi wa Oktoba timu ilishuka Sugar Land, nje kidogo ya Houston, naye akaifuata kwa gari. Wenyeji walikuwa na mshambuliaji mmoja mrefu, mpana, jezi namba arobaini na nne, jina limeandikwa mgongoni: Haskell. Kigen aliinama pembeni kuchukua paki, kile kisahani cheusi wanachogombania, na huyo Haskell akaja kutoka ubavuni kwa kasi yake yote. Sauti ikalia. Kigen akabaki chini muda ambao mama yake hakuupima kwa sababu hakuwa akipumua, kisha akainuka taratibu akiwa ameshika bega. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umepasuka. Refa alisema si faulo, mchezo ndivyo ulivyo.

Walirudi pamoja kwa gari, mtoto mkono umefungwa kifuani.

“Kigen, tumemaliza,” Truphosa alisema. “Hii game imeisha kwetu.”

“Mom, ni collarbone. It’s six weeks.”

“Na next time ikiwa shingo? Unajua mimi hu-feed watu wa shingo?”

“I know. You tell me every week.” Alitazama malori ya upande wa pili. “Ni kitu moja tu najua kufanya poa, Mom. Just one. Usinichukulie.”

Basi hakumchukulia. Angeweza kumnyang’anya vitu vingi, simu, funguo za gari, hata usingizi wake wa Jumamosi, lakini kwa hicho kimoja moyo wake ulishindwa. Akabaki na hofu yake mikononi bila pa kuitua. Ndipo akaipeleka kwenye laini.

Hapo sharti nikueleze laini ni nini. Kila Jumatano jioni, vyombo vikishaoshwa, akina mama Wakenya wa kaskazini mwa Dallas hupiga namba moja ya simu, na kila mmoja anapoingia inalia bip. Anapotoka pia inalia bip. Mmoja yuko jikoni kwake, mwingine yuko kwenye maegesho ya hospitali kule Richardson akingoja zamu, mwingine amejifunika gubigubi kitandani. Laini hiyo imeombea visa zikatoka, imeombea mimba, mitihani ya unesi na waume walioanza kuchelewa kurudi. Acheke anayetaka. Mtu ukiwa mbali na mama yako na shangazi zako wote, na mtoto anachemka homa, sauti thelathini zikisema amina pamoja nawe si jambo la kuchezea.

Kiongozi wa laini alikuwa Loice wa Richardson, mwanamke mwembamba, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Maombi yake yalikuwa maombi ya vita, na alikuwa na sharti moja: hakuna kuomba kwa jumla. Ukisema tu una shida kazini, atakuuliza shida hiyo inaitwa nani. Alisema mbinguni kuna kazi nyingi na malaika hawana muda wa kubahatisha mlango.

Kigen alipona, akarudi barafuni mwezi wa Desemba, na mechi ya marudiano kule Sugar Land ikapangwa Jumamosi moja ya Februari. Siku zilivyokaribia Truphosa aliacha kula. Aliingia kwenye tovuti ya timu ya Sugar Land, akaitazama picha ya namba arobaini na nne, akafunga, akafungua tena. Jina lake la kwanza lilikuwa Brody. Alikuwa na chunusi kidevuni na tabasamu la mtoto aliyelazimishwa na mpiga picha, na Truphosa alijizuia makusudi asiziangalie zile chunusi.

Jumatano ya wiki ile, zamu yake ya kusema ilipofika, alibonyeza simu kuondoa ukimya ili asikike.

“Dada Loice, ni Mama Kigen. Mnikumbukie kijana. Saturday wana-play na ile team ya Houston iliyomvunja.”

“Iliyomvunja ni team ama ni mtu?”

“Ni mtu.”

“Ana jina?”

Truphosa alisita. Kule Kabiyet alikozaliwa, nyanya yake hakuruhusu jina la mtu litajwe kwa hasira baada ya jua kuzama. Alidai jina likitajwa vibaya hutoka nje kwenda kumtafuta mwenyewe. Truphosa alikuwa ameokoka, tena ana shahada, na mambo ya nyanya aliyaacha kwenye moshi wa jiko lile. Hata hivyo ulimi ulikuwa mzito.

“Mama Kigen, uko?”

“Niko. Anaitwa Brody Haskell. Jezi ni forty-four.”

“Bwana wa majeshi,” Loice akaanza, na sauti ikapanda, “huyu Brody Haskell aliyeinuka juu ya mtoto wetu, leo tunamwangusha. Aanguke asiinuke. Miguu inayomkimbilia Kigen ikatike nguvu, kwa jina la Yesu.”

Amina zikamiminika kutoka kila pembe ya kaskazini mwa Dallas. Ya Truphosa ilizizidi zote. Aliitoa tumboni kabisa, na alipokwisha kuitoa akasikia njaa. Alipasha ugali wa mchana na sukuma wiki, akaketi, akala sahani nzima, akaikomba.

Jumamosi Kigen alitangulia na basi la timu, na mama mtu akafuata peke yake kwenye ile barabara kuu ya kwenda Houston. Njia nzima alirudia maneno ya Loice. Aanguke asiinuke. Alipopita Huntsville alikuwa akiyasema kwa sauti, na yalimtuliza vizuri tu, kama dawa ya maumivu inavyotuliza kabla hujajua inafanya nini tumboni.

Alifika mechi imeanza. Nafasi za upande wa wageni zilikuwa zimejaa, akaketi kwa wenyeji, juu kidogo ya lango la kuingilia barafuni. Alikuwa akitetemeka. Mwanamke wa pembeni, nywele fupi za kijivu, sweta la rangi za Sugar Land, alimtazama, kisha bila kuuliza akamtupia nusu ya blanketi yake magotini.

“Kiwanja hiki ni baridi kuliko vyote,” alimwambia kwa Kiingereza. “Mimi ni Darlene. Wako yupi?”

Truphosa alimwonyesha Kigen.

“Wangu ni yule mkubwa. Arobaini na nne,” Darlene alisema, akauma kamba ya sweta lake. “Miaka yote hii bado sijazoea. Akikaribia ukuta mimi nafumba macho.”

Truphosa alitaka kuiondoa ile blanketi magotini. Ilikuwa na joto la mtu mwingine, na ghafla joto hilo lilimtia hofu kuliko baridi. Lakini kuiondoa kungekuwa kusema jambo, basi akakaa vivyo hivyo, amefunikwa na mama wa kijana aliyemtaja Jumatano.

Ilitokea kipindi cha pili. Kigen alikuwa pembeni na paki, mgongo nje, kama ile siku ya Oktoba. Namba arobaini na nne akamwona, akaja. Truphosa alijua anakuja kabla hajafika katikati. Kigen naye alijua; aligeuza bega, akapiga hatua moja tu pembeni, jinsi kocha alivyomfundisha tangu apone. Haskell akapita hewani. Ncha ya kiatu chake ilikwama kwenye barafu, mwili ukalala mbele, akaingia ukutani kwa kichwa.

Hakuna aliyemgusa. Hilo ndilo lililomgandisha Truphosa damu: hakuna aliyemgusa.

Sauti ilikuwa ileile, ila safari hii ilifuatwa na ukimya, na ukimya huo ulikuwa mbaya zaidi. Yule kijana alilala kifudifudi. Mkono mmoja ulitikisika. Miguu haikutikisika. Darlene alikuwa ameshasimama, blanketi imeanguka, anateremka ngazi mbili mbili akiita jina ambalo Truphosa alilijua sana. Msimamizi wa timu alikimbia barafuni akiteleza, akapiga magoti, akainua uso, na kipaza sauti kikauliza kama kuna daktari au nesi uwanjani.

Truphosa alibaki ameketi. Nikikueleza kwamba aliruka mara moja nitakuwa ninampamba. Alikaa, na wazo alilokuwa nalo lilikuwa moja: nikimgusa atakufa. Aliangalia kama kuna mwingine atakayesimama. Hakuna. Basi mikono yake, ambayo imeshika shingo za watu miaka kumi na mbili, ikamwinua yenyewe, na miguu ikafuata.

Langoni alikuta Kigen anamngoja kwenye barafu, helmeti mkononi, uso umemparara. Alimpa mkono. Truphosa alikuwa na viatu vya kanisani, na mwanawe akamvusha polepole.

“Mom, I just moved,” alisema. “Nilisonga tu. I didn’t do anything.”

“Najua. Hukufanya kitu.”

Alipiga magoti. Alisaidiana na msimamizi wakamgeuza kijana kwa utaratibu, mwili mmoja, bila kuipinda shingo, kisha akakishika kichwa pande zote mbili, mapaja yake yakiwa ukuta. Barafu ilipenya sketi. Brody alikuwa macho wazi, anatazama taa za juu. Zile chunusi zilikuwepo kidevuni, sasa hakuwa na pa kuzikwepa.

“Usisogee hata kidogo,” alimwambia. “Unaitwa nani?” Aliuliza kwa sababu ndivyo nesi anavyouliza.

Alijibu jina. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwasumbua watu, kwamba haisikii miguu yake.

Miguu inayomkimbilia Kigen ikatike nguvu. Truphosa aliyasikia maneno hayo neno kwa neno, kwa sauti ya Loice, na nyuma yake amina yake mwenyewe. Hofu aliyokuwa nayo msimu mzima ilikuwa mtoto mchanga mbele ya hii. Alivikaza vidole kwa nguvu zote maana ndivyo vilivyoshika shingo. Hakujua kwamba midomo yake inacheza.

Darlene alikuwa amepiga magoti ng’ambo ya pili. Aliiona ile midomo.

“Unamwombea,” alisema. “Tafadhali endelea. Omba kwa sauti, asikie. Mimi nimesahau namna.”

Angeomba kwa Kiingereza kama angeweza. Hakikuja. Kilichokuja kilikuwa Kiswahili cha Jumatano, na akakiacha kitoke, kwa sababu hapo palipokuwa barafu tupu na Wazungu tu, nani angemwelewa.

“Baba, ni mimi, ni Truphosa. Lile neno la Jumatano nalirudisha. Nilisema aanguke asiinuke. Nilisema miguu yake ikatike nguvu. Nilimtaja kwa jina, Baba, nilikuwa naogopa. Usinisikie. Yote uliyosikia kwangu Jumatano usiyasikie. Mwinue. Huyu mtoto mwinue. Mwinue.”

Aliendelea na neno hilo moja mpaka watu wa ambulensi walipofika na kola ya shingo na ubao, wakamwambia sasa anaweza kuachia. Alipoinua kichwa alimwona Kigen. Alikuwa amesimama palepale nyuma ya bega lake. Kiswahili chake cha kuongea kilikuwa cha kuokoteza, lakini Kiswahili cha maombi mtoto yule alikisikia tangu yuko tumboni. Aliteleza kinyumenyume, hatua moja, kisha nyingine, akimtazama mama yake.

Mechi ilivunjwa. Kigen alimwambia kocha hapandi basi, anakwenda hospitali, na mama yake akamfuata nyuma maana hakuthubutu kumkataza jambo. Walikaa kwenye chumba cha kungojea, kiti kimoja kikiwa wazi kati yao. Jua lilikuwa likizama Darlene alipotoka. Daktari alikuwa amemwambia uti wa mgongo umevimba. Huenda uvimbe ukishuka miguu ikarudi, huenda isirudi, hakuna anayeweza kuahidi. Truphosa alikuwa amewaambia watu maneno hayo mara nyingi, na alijua yanabeba mambo mangapi ndani.

Darlene alimkumbatia kwa muda. Kisha akamgeukia Kigen.

“Yale maneno mama yako aliyokuwa akisema pale. Brody ananiuliza. Alisema nini?”

Truphosa alikauka. Alitaka kuingilia, na hakuweza. Kigen aliangalia sakafu, akaangalia mashine ya kahawa, mwishowe akamwangalia yule mama.

“She said, lift him up,” alijibu. “Mostly that. Lift him up.”

“Kwa lugha yenu mnasemaje?”

“Mwinue.”

Darlene alilijaribu. Likamponyoka, akalijaribu tena, Kigen akamrekebisha kwa upole. Kisha yule mama akarudi ndani akilirudia njiani ili asilisahau, kwenda kumsemea mwanawe.

Kwenye gari waliendelea mpaka taa za Houston zikaisha nyuma yao.

“Mom, ile Wednesday thing,” Kigen alisema. “You used his name? Kwa wale wamama wote?”

“Nilitumia.”

“Did you say the legs? Ama Loice?”

“Loice alisema. Mimi nilisema amina.”

Kigen aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa hesabu akaiona ni sawa. Alama za barabarani zikapita. Truphosa aliogopa kumtazama.

“He texted me,” Kigen alisema. “Ile siku ya October. Usiku huohuo. Alisema sorry, alikuwa ameona nimeshika bega. Tumekuwa tuki-text since then. He’s funny, Mom. Alikuwa anakuja kwetu summer.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungefanya nini? You couldn’t even say his name without that face.”

Truphosa alijua ni uso gani.

“Do you think it was you?” Kigen aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nesi angemjibu vizuri. Kiatu kilikwama, kasi ilikuwa kubwa, kichwa kilitangulia. Angeweza hata kumchorea mifupa yenyewe. Lakini nesi alibaki barafuni. Aliyekuwa akiendesha gari ni yule aliyekula sahani nzima ya ugali Jumatano akaikomba.

“Sijui,” alisema. “Naogopa, Kigen. Sijui.”

Habari zilifika Carrollton kabla yao. Mtoto wa mtu mmoja wa laini alikuwa ameiona video, na kwenye kundi la WhatsApp ujumbe ulikuwa ukiingia mmoja juu ya mwingine: picha za mikono ya kusifu, ndimi za moto, Mungu wetu hashindwi. Loice alimwandikia peke yake: “Mama Kigen, Jumatano uje na ushuhuda.” Truphosa aliigeuza simu kifudifudi, akaiweka chini ya mto, na usiku kucha akaisikia ikinguruma huko.

Jumatano alipiga. Alifikiria kutopiga, tena sana, lakini aliogopa wakisherehekea bila yeye kuliko alivyoogopa kuwepo. Alikaa kwenye meza ya jikoni. Bip, bip, bip. Watu wengi kuliko kawaida.

“Mama Kigen yuko kwa laini,” Loice alisema, na furaha ilikuwa imeijaza sauti yake. “Dada, waambie. Yule jamaa wa forty-four yuko wapi leo?”

“Yuko hospitali. Hawezi kusimama.”

Mtu mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakaanza kusifu.

“Ngojeni,” Truphosa alisema. “Ngojeni kwanza. Mimi ndiye nilimshika kichwa. Ana chunusi. Mama yake anaitwa Darlene, alinipa nusu ya blanketi yake kabla hajajua mimi ni nani. Ni rafiki wa Kigen. Sikujua, lakini ni rafiki yake.” Aliishika simu kwa mikono miwili. “Nataka tumtaje tena. Jina lilelile, kwa nguvu ileile. Leo tuseme ainuke.”

Mahali fulani bomba la maji lilikuwa likitiririka, kisha mwenyewe akalifunga.

“Mama Kigen,” Loice alisema, “hatuwezi kuomba hivi leo, kesho turudi nyuma. Ni kama tunamwambia Mungu amekosea.”

“Sisi ndio tumekosea. Kama si sisi tuliomwangusha, basi hakuna ushuhuda hapa, na mnasifu mtoto wa mtu kuvunjika. Na kama ni sisi, basi tumwinue.”

Bip. Mtu alikuwa ametoka. Bip nyingine. Zikafuatana, nyingine karibu karibu, nyingine baada ya kusita, na Truphosa akawasikia wote wakienda bila kujua nani ni nani. Alidhani Loice pia ameondoka. Kisha akasikia pumzi.

“Dada,” Loice alisema. Ile sauti ya kuamsha mtaa haikuwepo. Aliyekuwa akiongea ni mwanamke mwembamba, mfupi, peke yake ndani ya nyumba kule Richardson. “Ukisema hiyo kitu ni kweli, unajua nimetaja majina mangapi kwa hii laini? Unajua ni miaka mingapi?”

Bip ikalia, na laini ikawa tupu.

Kigen alikuwa mlangoni mwa jikoni. Truphosa hakujua amesimama hapo tangu lini. Tangu Jumamosi walikuwa wakipishana ndani ya nyumba kwa adabu ya wageni. Kigen alikuja akavuta kiti, akaketi mbele yake, akaweka simu yake mezani uso juu. Kulikuwa na ujumbe wa Darlene kutoka simu ya Brody: hakuna mabadiliko bado, lakini tunalisema lile neno lenu kila asubuhi.

“Go ahead,” Kigen alisema. “Mtaje. Mimi nitasema amina.”

Truphosa alifumba macho. Msimu mzima alikuwa ameogopa kwamba hakuna anayemsikia. Sasa aliogopa kwamba anasikiwa, kila neno. Jina lilikuwa tayari ulimini, zito kuliko lilivyokuwa mara ya kwanza. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaupata wa mwanawe, akalitaja.